Mfadhili wa Mwalimu

Mume wa msusi alikuwa anamsomesha mkewe ualimu, na jambo hilo alilijua kila mtu isipokuwa mkewe.

Walilijua zaidi wanaume wa benchi la dukani, lile benchi refu la mbao lililoegemea ukuta, mguu mmoja umewekewa tofali lisiyumbe. Kila jioni mume huyo akitoka bohari ya vifaa vya ujenzi alikoajiriwa ukarani, kabla hajafika kwake, hupitia pale. Wenzake humsogelezea nafasi na kumwita Mfadhili. Naye hukaa, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la saruji, akasema kumsomesha mke si mchezo. Wanaguna. Mmoja anasema wanaume wa aina yake wameadimika. Mwingine anasema wake wa siku hizi ukiwasomesha wanakukimbia, ila yeye ana moyo. Basi mwenye moyo humwita muuza duka afungue soda za baridi, kila mtu na ya kwake, maana sifa kavu hazishuki kooni.

Msusi mwenyewe saa hizo yuko barazani kwake, vidole vimo kichwani mwa mtu.

Alikuwa mama wa watoto watatu, binti mkubwa akikaribia kumpita urefu. Kusuka alianza angali msichana, akaolewa akisuka, akazaa akisuka. Mtoto wa pili nusura azaliwe juu ya mabutu ya watu. Kazi haikuwa mbaya, ila ina jeuri yake. Siku yenye kichwa unakula, siku isiyo na kichwa mnatazamana wewe na chanuo. Na mgongo nao ulishaanza kumdai. Akatamani kazi ambayo hata mwenyewe akilala na homa mshahara unaingia. Cheti chake cha sekondari kilikuwa kizuri tu, kimelala chini ya godoro tangu siku ya harusi, utadhani nacho kiliolewa. Chuo cha ualimu hakikuwa mbali, na wanafunzi wa kutwa walipokewa. Akaomba, akapata.

Kupata nafasi ni jambo moja, ada ni jambo lingine. Akaenda ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Kijana wa dirishani akamwita mama, akamweleza kwa adabu zote kwamba mkopo ule ni wa wanaotoka shuleni, sio wanaotoka jikoni. Akaenda benki. Huko wakamtaka hati ya mshahara, naye ndiyo kwanza anakwenda kuutafuta huo mshahara. Akaenda kwenye mfuko wa kuwainua wanawake. Mama wa pale, mwenye kucha ndefu ambazo hazijawahi kuona sufuria la kusugua, alimsikiliza mpaka mwisho, akafurahi kweli, kisha akasema wao humkopesha mwanamke anayetaka kukuza biashara, sio anayetaka kuiacha. Angesema anataka mashine za kukaushia nywele angepewa siku ile ile. Kila mlango alikuta mtu mpole, na kila mpole alimnyima.

Mumewe alipoambiwa aliweka kijiko chini. Alisema wazo ni zuri. Alisema yeye si mwanaume wa kumzuia mke maendeleo, na kwamba atakuwa nyuma yake hatua zote. Na kweli alikaa nyuma, nyuma kabisa, pale ambapo hata ukinyoosha mkono humfikii. Ahadi yake ilikuwa moja tu.

"Wewe anza, mama," alimwambia. "Ile awamu ya mwisho niachie mimi. Hiyo ni yangu."

Basi msusi akafanya jambo ambalo hakuna benki ingelifikiria. Akauza vichwa kabla havijafika. Aliwaambia wateja wake wamlipe kusuka kwa mwaka mzima kwa mkupuo, naye atawapunguzia bei. Kila nywele zikichakaa mtu aje, afumuliwe, asukwe, asitoe kitu tena. Wanawake ni wakali wa hesabu penye punguzo. Muuza mboga akalipa. Muuguzi wa zahanati akalipa. Mke wa fundi bomba akalipa, akamlipia na mama mkwe wake, ambaye nywele zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa miwani. Pesa zikatosha awamu ya kwanza, na zikabaki za viatu vya binti. Za kwanza zilipoliwa akatafuta vichwa vingine, akaviuza navyo, na mwaka wa pili akauza tena.

Ubaya wa kuuza kichwa kabla hakijafika ni kwamba kinafika. Nywele hazijui ratiba ya masomo. Asubuhi mpaka mchana yuko chuoni na vijana ambao angeweza kuwazaa, wanamwita shangazi. Jioni anarudi, anakuta baraza limejaa, na kati ya waliojaa hakuna wa kutoa hata senti, maana walishatoa. Alikuwa akifanya kazi ambayo ujira wake ulishamezwa na chuo. Chakula kilitokana na wapita njia wachache wasiokuwa kwenye mpango. Mshahara wa mume ulikuwa na desturi ya kufika nyumbani umechoka, na tangu mkewe aanze chuo ukawa unafika taabani. Alisema kazini wanakata, hali ni ngumu, asilaumiwe mtu.

Na kusoma atasomaje, mikono yote miwili imo kichwani? Hilo nalo akalipatia njia. Anayesukwa ndiye anayeshika daftari na kusoma kwa sauti, msusi anasikiliza, wakifika penye jambo zito anarudiwa. Kwa hiyo mtaa mzima ukaelimika bila kulipa ada. Muuza mboga akaanza kumwambia mumewe kwamba hana malengo mahususi. Mke wa fundi bomba alimweleza mama mkwe wake, kwa upole, kuwa hotuba zake za kila asubuhi zina utangulizi mrefu na hazina hitimisho. Watoto wa mtaa waliacha kuchapwa wakaanza kunasihiwa, na baada ya wiki chache wakawa wanaomba fimbo irudi, maana fimbo huisha mapema.

Wifi yake, dada mkubwa wa mume, hakuwa kwenye mpango wa kusukwa kwa sababu mpango ulitaka pesa. Yeye alikuja kukumbusha. Alikaa kwenye kiti cha mteja, akanywa chai, akamwambia msusi ashukuru, mdogo wake anajinyima, wenzake waume zao hata leso hawawanunulii. Msusi akashukuru. Aliona kujibu ni kupoteza mstari mzima wa nywele. Habari za benchi zilikuwa zimeshamfikia, akazichukua kama mvua inayonyesha kwa jirani. Aliwaza kwamba mdomo hauna gharama, mwache mwanaume aote jua la sifa, halimpunguzii mtu unga. Hapo ndipo alipokosea hesabu, na hesabu ndilo somo alilokuwa akisomea kufundisha.

Kuna siku mume alirudi na koti la kijivu lenye vifungo vya kung'aa, na mfuko wa ndani wenye bitana ya zambarau. Alisema bosi wake amempa kwa uaminifu wake kazini. Akajigeuza mbele ya kioo cha wateja, akasema mume wa mwalimu hawezi kutembea hivi hivi. Msusi akampongeza, akamwomba asogee, mteja anataka kujiona kisogo.

Awamu ya mwisho ikafika. Chuo kikabandika tangazo: asiyemaliza ada hataingia kwenye mtihani. Mtihani ungeanza Jumatatu, na dirisha la mhasibu lingefungwa Ijumaa alasiri, likifungwa limefungwa. Kila msusi alipogusia, mume alisema pesa iko njiani. Siku zikapita, pesa iko njiani tu, kana kwamba inakuja kwa magoti. Na mke alijua kilichokuwa kikimngoja. Bila mtihani ule angerudia mwaka mzima kwa ada mpya, na hakuwa na kichwa kilichobaki cha kuuza. Vyote alikwisha kuviuza.

Ijumaa yenyewe ndipo alipofika mama mwenye bohari, bosi wa mumewe. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini, wa kutazama kitu mara moja akajua bei yake. Alisema kesho ana harusi ya mpwa wake na msusi wake amesafiri. Kisha akaongeza kwamba, kusema ukweli, hasa alitaka kumwona huyo mwanamke anayesomeshwa na karani wake. Msusi akampa kiti, na kama afanyavyo kwa wote, akampa na daftari. Bosi alishangaa, ila akavaa miwani, maana hakuwa mtu wa kukaa bure.

Akasoma kwa sauti ile ile anayosomea stakabadhi za misumari. Ilikuwa sura ya kumjua mwanafunzi. Akasoma kwamba yupo mtoto asiyependa kufanya kazi, ila hupenda sana kuonekana ameifanya. Mtoto huyo usimfokee, maana hata kufokewa kwake ni kutazamwa. Msifie mbele ya wenzake kwa tendo lile lile unalotaka alitende, umsifie mapema, mpaka aone aibu kutolitenda.

"Hawa ninao tele pale bohari," bosi akasema, akageuza ukurasa.

Mistari ya upande wa kushoto ilikuwa imekwisha, msusi anahamia wa kulia, ndipo bosi alipomwona kwenye kioo amekunja uso, akamuuliza kulikoni. Msusi hakutaka kulalamika mbele ya mgeni anayelipa. Alisema tu kwamba dirisha la ada linafungwa alasiri na awamu ya mwisho haijapatikana.

Bosi akashusha daftari magotini.

"Ada ipi tena? Si nimempa leo asubuhi?"

Vidole vikasimama katikati ya mstari.

Bosi akaeleza, taratibu, kama mtu anayepanga matofali. Tangu mwaka juzi karani wake huja ofisini kila awamu, ameinamisha kichwa, anaomba apewe mshahara kabla ya mwezi kwisha, eti ada ya mke. Alimpa ya kwanza. Akampa ya pili na zilizofuata, akawa anamkata kidogo kidogo. Leo asubuhi amempa ya mwisho, taslimu, ndani ya bahasha, akamruhusu atoke mapema awahi dirisha. Alimwonea huruma, akasema, hata alifikiria kumtafutia nguo, maana hufika ofisini na shati lililopauka mabegani.

"Na lile koti?" msusi akauliza.

"Koti gani?"

Muuza mboga, aliyekuwa akisubiri zamu yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakohoa. Akasema asieleweke vibaya, yeye si mtu wa maneno, lakini siku zote amekuwa akijiuliza yule bwana anapata wapi pesa za kuwanywesha watu soda kila jioni. Alidhani ana mradi.

Mradi alikuwa nao. Kwa miaka miwili ada ilikuwa ikinywewa pale ukutani, chupa kwa chupa, na kila pongezi aliyopewa kwa kulipa ada iligharamiwa na ada yenyewe. Mke aliyedhani mdomo hauna gharama akaona bei yake yote kwa mara moja. Hakulia. Alichomeka chanuo kwenye nywele za bosi lisipotee, akakaa chini.

Bosi alikuwa ameshatoa simu. Alisema anamfukuza kazi sasa hivi, asikanyage tena bohari.

"Usimfukuze, mama," msusi akamwambia. "Ukimfukuza nitamlisha mimi."

Kisha akawaza. Mume ameruhusiwa mapema, bahasha iko kifuani, na kati ya bohari na chuo lipo benchi. Yeye akilifuata kwa makelele, watu wa pale watasema mke wa kusomeshwa ameota mapembe, na mume atapata la kusimulia mwaka mzima. Akaliokota daftari, akautazama ule ukurasa walipoishia, akamuuliza bosi kama anaweza kumsindikiza mara moja hapo dukani. Bosi akasimama vile vile alivyo, nusu ya kichwa imelala kwa mistari, nusu nyingine imesimama wima kama iliyosikia habari mbaya. Alipewa kitambaa akakikataa, akasema hana muda wa kujipamba.

Walimkuta katikati ya benchi, ndani ya koti, mkono mmoja hewani. Alikuwa akieleza uzito wa awamu ya mwisho. Soda zilikuwa zimeshafunguliwa. Alipomwona mkewe akatabasamu. Alipomwona aliye nyuma ya mkewe tabasamu likabaki pale pale usoni bila mwenyewe.

Msusi akawaamkia wote kwa heshima.

"Shemeji zangu, samahani kuwakatiza," akasema. "Nimekuja kumshukuru mume wangu mbele yenu, kwa sababu nyinyi ndio mnaojua alivyojinyima. Leo ananimalizia ada. Pesa anayo hapo kifuani, anakwenda kulipa sasa hivi kabla dirisha halijafungwa. Bosi wake amefurahi, hata kusukwa hakumaliza, amekuja ashuhudie."

Wakapiga makofi. Wangefanyaje? Miaka miwili wamekuwa wakimsifia jambo hilo hilo. Mmoja akamgonga begani, akamwambia Mfadhili atoe basi hiyo bahasha waione, watoto wao wapate la kuiga. Mfadhili akagusa kifua. Akasema alikuwa amepanga kupitia baadaye kidogo, foleni ya chuoni ikipungua.

"Foleni haipo," bosi akasema. "Na gari liko pale."

Bahasha ikatoka kwenye bitana ya zambarau, taratibu, kama jino. Bosi akaihesabu kwa kidole gumba, akasema imepungua. Mume akanong'ona habari za dharura ndogo. Ile dharura ilikuwa mikononi mwa watu, ina mirija. Na muuza duka alikuwa ameshalipwa na deni la juma zima.

Msusi hakubadili sauti. Akaendelea kusifu. Akasema anajua ndugu hawa wanavyompenda mume wake, na kwamba hawawezi kukubali jina lake lichafuke leo, siku ya mwisho, kwa ajili ya soda. Chupa zikaanza kushuka. Bosi akawatazama mmoja mmoja, yale macho ya kukadiria bei. Wa kwanza akatia mkono mfukoni. Wa pili akadai yeye alionja tu. Wa tatu akasema kwake si soda, ni maji, akaoneshwa chupa yake. Wakalipa, kila mmoja na aliyoishika, na muuza duka, ambaye bohari ndiyo iliyokuwa ikimwuzia mabati, akakumbuka ghafla kwamba lile deni linaweza kungoja mwisho wa mwezi, akalirudisha. Pesa ikatimia. Yule aliyesema wanawake wakisomeshwa wanakimbia alikuwa wa kwanza kuondoka.

Chuoni walimkuta mhasibu anafunga daftari lake kubwa. Bosi alisimama kando na kichwa chake cha pande mbili, akamwacha karani apeleke bahasha dirishani kwa mkono wake mwenyewe. Mhasibu akahesabu, akagonga muhuri, akainua macho akaona koti. Akampa mkono mume, akamwambia wanaume kama yeye wamebaki wachache, hongera sana. Mume akavimba kidogo, hata pale. Akageuka huku na huku kama anayetafuta duka. Bosi akakohoa, mume akanywea.

Wakarudi, msusi akamalizia upande uliobaki. Bosi akalipa bei kamili, akaongeza na ya usumbufu, na kabla ya kuondoka akamwambia karani wake, mbele ya muuza mboga ili lisisahaulike, kwamba kuanzia mwezi huu mshahara utakatwa mpaka madeni yote yaishe, na kitakachobaki atakuja kukichukua mke.

Kulipokuwa kunaingia jioni, mume hakwenda kwenye benchi. Alikaa kwenye kizingiti cha baraza, koti amelikunja mapajani, akitazama njia. Watoto walipita wakamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Mwishowe akasema bila kumtazama mkewe kwamba amemdhalilisha mbele za watu.

"Nimekusifu, baba," msusi akamjibu. "Nitajie neno moja baya nililolisema."

Akatafuta. Alitafuta kwa muda, midomo ikicheza, na hakuliona. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akafuta vumbi kwenye kifungo kimoja cha koti, akafuta na kingine. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za kawaida tu, kama ni kweli siku ya mahafali wafadhili huitwa mbele wakapewa nafasi ya kusema maneno mawili matatu.

Msusi alikuwa ameshika ufagio. Chini pametapakaa nywele za siku nzima, nyeusi kwa nyeupe, za waliolipa zamani na za yule aliyelipa leo, na nyingine zimekusanyika chini ya visigino vya mumewe.

"Inua miguu," akamwambia.

Akaiinua yote miwili.